Biskuti za Tottori

Kuwabara Shunpei alikuwa amekwenda Tottori mara nne bila kuikanyaga Tottori. Akita alikuwa amekwenda mara tatu na kisiwa cha Sado mara mbili, na kote huko hakuwahi kufika. Kila mara alirudi na boksi la vitafunio vya mkoa huo, akapita meza kwa meza katika ofisi yao ya kuuza vifaa vya mabomba, mjini Kawaguchi, akampa kila mtu kimoja kwa mikono miwili, na kila mtu akamshukuru. Ndiyo desturi yao. Ukichukua siku ya mapumziko ukawaachia wenzako simu za wateja, urudi na kitu cha kutafuna. Mkono mtupu haulambwi, na Kawaguchi haulambwi wala hausamehewi.

Ukweli ni kwamba siku hizo zote alikuwa Seoul, Bangkok au Taipei, yeye na Iwao. Tokyo kuna maduka ya mikoa, karibu kila mkoa una lake, yanauza mchele, pombe na biskuti za kule kwa wanaopakumbuka nyumbani. Shunpei alipita humo kabla ya kupanda ndege, akanunua boksi moja, na uongo ukapata ushahidi wenye karatasi nzuri na utepe. Ukimwambia mtu unakwenda Bangkok atakuuliza unakwenda na nani, mtalala wapi, picha ziko wapi. Ukimwambia unakwenda Tottori kufagia makaburi ya kwao mama, atasema kule kuna mchanga mwingi, na habari imeisha. Hakuna anayeshuku uongo usio na raha ndani yake.

Lakini usimdhanie kuwa mwoga. Kwenye kusafiri Shunpei alikuwa simba. Alijua saa ambayo nauli hushuka, alijua nyumba za wageni ambazo wanaume wawili wakiomba kitanda kimoja hawatazamwi mara mbili, na alijua kwamba ndege za bei ya kutupa hupima mkoba tu, mwili haziupimi. Kilo saba za mkoba zilikuwa zake, na shati la pili, la tatu na la nne aliyavaa. Katika ile baa yao ndogo ya Ni-chome, mtaa wa Tokyo ambako wanaume wapendanao hunywa bila kuangalia mlango, watu wazima walimngojea Ijumaa kumwuliza nauli kama wanaomwuliza daktari dawa.

Sakuma Iwao, mwenzake wa miaka saba, alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mtu mnene wa mikono na wa sauti, aliyezoea kukoroga supu ya watoto mia nne. Alicheka upesi na kusamehe upesi. Jambo moja tu lilikuwa limemkaa rohoni. Mwezi wa tatu alipasuliwa kidole tumbo, akalazwa siku nne, na siku zote nne Shunpei alifika jioni, saa ya kutazama wagonjwa ikikaribia kwisha. Asingeweza kumwambia meneja wake kwamba mtu wake anapasuliwa, kwa maana kazini hakuwa na mtu. Siku ya upasuaji wenyewe, Iwao alizindukana akamkuta pembeni yake mgonjwa wa kitanda cha pili, akimenya chungwa.

Miezi ikapita. Mwezi wa tisa karatasi za kuongeza mkataba wa nyumba yao zilipofika, Iwao aliziweka juu ya friji bila kutia sahihi.

"Nataka mtu mmoja ofisini kwenu alijue jina langu," alisema. "Mmoja tu, hata kama ni wa kufagia. Mkataba unaisha mwezi wa kumi na moja. Ukifika huo mwezi na kwenu mimi bado ni mchanga wa Tottori, nyumba utakaa mwenyewe, Shun."

Shunpei akasema sawa. Alisema kwa moyo kabisa. Kisha akapanga safari ya Taipei, kwenye maandamano ya fahari ya wapendanao wa jinsia moja, ya mwisho wa mwezi wa kumi, na ofisini akaomba Ijumaa moja akafagie makaburi. Hii ya mwisho, alijiambia. Ijumaa asubuhi akapitia duka la Tottori, akanunua boksi la biskuti za peari, vipande kumi na sita kwa watu kumi na wanne, akalisukumiza chini kabisa ya mkoba. Jumapili jioni wangetua wakati duka limefungwa, na Jumatatu ofisi hufunguliwa mapema kuliko duka, kwa hiyo boksi lilipaswa kusafiri nao kwenda na kurudi. Ili kulipisha alivaa mashati manne. Iwao alimtazama akitoka jasho kwenye treni ya uwanja wa ndege wa Narita, akamwambia amekuwa kama kabichi.

Shangazi Siok-bi alikuwa na vyumba sita vya wageni kwenye kichochoro cha mtaa wa Ximen, mjini Taipei, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba kiasi kwamba mwenye sanduku kubwa hupanda kinyumenyume. Mjane, mfupi, nywele za zambarau. Wiki ya maandamano Taipei nzima hujaa, hata mabafu hukodishwa, na bei hupanda mara tatu. Yeye chumba chenye dirisha alikuwa amewawekea wao, kwa bei ya mwaka juzi. Aliwaambia, kwa Kijapani chake cha kuokotaokota kwa wageni, kwamba Wajerumani wawili walikuja asubuhi na pesa mkononi akawaambia chumba kina wanawe. Akawawekea mapera yaliyokatwa, akawapangusia kiti.

Shunpei akainama. Hapo ndipo yalipotokea. Mtu aliyelelewa Japani, akifadhiliwa ndani ya nyumba ya mtu, mkono hautaki ruhusa ya kichwa. Mkono wake ulizama mkobani, ukapita soksi, ukapita chaja, ukaibuka na boksi lenye utepe, na wa pili ukaja kulishika upande wa pili.

"Ni kitu kidogo tu, shangazi, hakina maana yoyote," alisema, na kuinama tena.

Iwao alilitazama lile boksi. Alilisoma jina la mkoa. Aliacha kutafuna pera.

Shunpei alikumbuka boksi lile ni la ofisi akiwa bafuni, na povu kichwani. Mazoea yana tabu. Alitoka amejifunga taulo, maji yakimchuruzika, akakimbilia jikoni, akakuta boksi wazi mezani na wageni wengine, dada wawili wa Penang na Wakorea watatu, pamoja na Shangazi mwenyewe wakimaliza kusifia. Mmoja wa wale dada alikuwa akikusanya unga wa mwisho kwa ncha ya kidole. Wote wakamshukuru. Shunpei, ameshikilia taulo lisianguke, akainama, akasema afadhali wamezipenda.

Iwao alikuwa amekaa kitandani anamngojea.

"Ulikuwa umezinunua tena," alisema.

"Mara ya mwisho."

"Na sasa zimeliwa."

"Zote kumi na sita."

Iwao alicheka. Alicheka akalala chali, akacheka hadi akashika mshono wake wa tumbo, na Shunpei naye, alipoona hajafukuzwa, akacheka. Kama angenyamaza hapo mambo yangeisha kwa heri. Lakini fundi wa safari hakosi njia, na kabla kicheko hakijapoa tayari alikuwa ameipata. Jumatatu asubuhi, alisema, atampigia Bi Nagase wa utawala amwambie jino linamuuma, anapitia kwa daktari. Duka linafunguliwa saa nne. Saa tano na nusu yuko ofisini na boksi jipya, na shavu amelishikilia.

Iwao akaacha kucheka. Alikaa, akavuta shati lake chini.

"Nilipopasuliwa," alisema polepole, "hukupata hata jino la kusingizia."

Miezi saba Shunpei alikuwa amejiambia kwamba haikuwezekana. Sasa mwenyewe kwa kinywa chake alikuwa ameonyesha kwamba kwa ajili ya boksi la biskuti iliwezekana ndani ya dakika moja. Aibu ilimpanda toka miguuni. Alisema samahani, na Iwao akasema amesikia, akageukia ukutani.

Jumamosi waliandamana. Jua lilikuwa kali kama la kiangazi, barabara mbele ya ukumbi wa jiji imefurika watu, ngoma, magari yenye spika, mbwa waliovishwa sketi, na wazee wawili kwenye viti vya magurudumu waliosukumwa sambamba wakiwa wameshikana mikono. Iwao alitembea mbele. Shunpei alibaki nyuma, akajikuta katikati ya watu wa kampuni moja ya bima, kama thelathini, fulana za rangi moja, na bosi wao, mama mnene mwenye bango, akihema na kuomba watembee taratibu. Mmoja wao, mtu wa umri wake, yaani arobaini na moja, alikuwa na Kijapani kizuri. Shunpei akamwuliza, kama anayeuliza njia, kazini aliwaambiaje.

"Niliwaambia Jumatatu moja," alisema yule mtu. "Bosi akaniuliza kama ripoti iko tayari."

"Ilikuwa tayari?"

"Haikuwa. Alinigombeza sana."

Shunpei akamfuata Iwao, akampata kwenye taa za barabarani, akamshika mkono. Iwao akauacha mkono ushikwe, lakini hakuubana.

"Hapa hata mimi ni jasiri," Iwao alisema. "Hapa kila mtu ni jasiri, nauli yenyewe yeni elfu kumi na mbili. Ughali uko Kawaguchi, Shun. Wewe ni bingwa wa safari za rahisi, nakupa sifa zako. Hiyo ya ghali nenda na wewe, hata mara moja."

Wakala wali wa nyama ya nguruwe kwenye kibanda, magoti yao yakigusana chini ya meza, na habari ile hawakuirudia. Shunpei hakuona ladha ya nyama.

Jumapili asubuhi, mikoba imefungwa, Shangazi Siok-bi alitoka jikoni na boksi kubwa zaidi ya lile alilopewa. Kwao nako, kama kwa watu wote wenye adabu, chombo hakirudi kitupu. Iwao alikuwa amemsimulia, kwa ishara na kwa maneno, zile biskuti zilikuwa za nani.

"Nimesikia nimekula za ofisi," alisema. "Sasa nawalipa. Hizi ni keki za nanasi, anaoka binamu yangu. Ni ishirini na nne, atakayependa ataongeza."

Kila keki ilikuwa kwenye karatasi yake, na juu ya kila karatasi kulikuwa na kibandiko cha nyumba yake ya wageni: bendera ya fahari ya rangi sita, jina la kichochoro, na wanaume wawili wenye masharubu wakipeana busu. Hakuna mlima wala mchanga wa Tottori ambao ungeweza kukificha kibandiko kile. Shunpei alilipokea boksi kwa mikono miwili. Uwanja wa ndege ulijaa maduka ya keki za nanasi zisizo na busu, na aliyapita yote huku akiyaona. Boksi lilizidisha uzito kwa kilo na zaidi, kwa hiyo alivaa mashati yote manne, sweta, na suruali ya kulalia chini ya jinzi. Mtu wa mizani alimtazama jinsi anavyotiririka, akautazama mkoba, kilo sita na gramu mia tisa, akampitisha. Iwao alikuwa nyuma yake na hakumsaidia hata kubeba koti.

Jumatatu Iwao aliondoka alfajiri kwenda kwenye masufuria yake. Shunpei alikaa mezani na boksi na simu. Akaandika: Bi Nagase, samahani, jino. Akalitazama neno jino kwa muda mrefu. Akalifuta, akavaa tai, akaondoka.

Ofisini alianza na meza ya kwanza, na meza ya kwanza ilikuwa ya Bi Nagase mwenyewe. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye funguo za makabati yote na fomu za kila kitu, ambaye hajawahi kuchelewa wala kupandisha sauti. Alipokea keki kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akakisoma kibandiko, akamtazama Shunpei, akakisoma tena.

"Bwana Kuwabara," alisema, "siku hizi Tottori wanalima mananasi?"

Hata hapo njia ilikuwapo, Shunpei angeweza kusema amepewa na rafiki, na ulimi wake, mzoefu wa kazi hiyo, ulikwishaanza kuitafuta. Akaukatiza.

"Sikwenda Tottori," alisema. "Nilikuwa Taipei, kwenye maandamano ya fahari. Nilikwenda na mwenzangu, anaitwa Sakuma Iwao. Tunaishi pamoja mwaka wa saba."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kutajia wateja bei, kwa hiyo ofisi nzima iliyasikia. Akangoja paa lidondoke. Simu ikalia, mtu akaipokea, akasema ndiyo, viwiko vya bomba vya inchi mbili vipo. Bi Nagase akasema asante kwa keki.

Akaendelea meza kwa meza. Kila aliyeuliza za wapi alimwambia Taipei, na kila mara neno lilikuwa jepesi kuliko mara ya kabla. Wengine walishika keki kama inayoweza kulipuka. Mmoja alicheka pasipo sababu, akaomba radhi. Bwana Tadokoro wa ghala alikula mbili papo hapo, akauliza nauli ilikuwa kiasi gani, na alipoambiwa alidai ni uongo. Basi Shunpei akavuta kiti. Akaeleza siku ya kununua tiketi, akaeleza mizani na mashati manne, na watu watano wakasogea na vikombe vyao vya chai. Simba wa Ni-chome alinguruma kwa mara ya kwanza Kawaguchi, na wote wakataka kujua kama inawezekana na Hawaii.

Meneja Hirose hakusogea. Alikuwa amepokea keki yake, akasema asante bila kuinua macho, akaiweka kando ya mashine ya kubana karatasi. Saa sita ilikuwa pale. Saa tisa ilikuwa pale, wale wanaume wawili wakipeana busu kuelekea dirishani, na kila aliyepita na faili aliiona, na Shunpei aliiona kuliko wote. Miaka saba hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, nalo lilikuwa limefika, na ukubwa wake ulikuwa wa keki moja.

Saa kumi na moja akaenda kwenye meza ile.

"Meneja, hii hutaila?"

"Sukari yangu iko juu," alisema Hirose.

"Pole sana. Basi niitoe."

Akaichukua, akaifungua, akaila palepale akiwa wima, bila haraka, huku akimjulisha kwamba oda ya wateja wa Omiya imetoka na ya Warabi inatoka kesho. Ilikuwa keki nzuri. Hirose akasema vyema, fanya hivyo, akageuza ukurasa. Huenda kesho atakuwa na maneno mengine. Shunpei aliona kwamba kesho hiyo anaiweza.

Aliporudi mezani kwake alimkuta Bi Nagase amesimama hapo, ameshika karatasi ya njano, rula na kalamu. Ilikuwa fomu yake ya ajira ya miaka kumi na sita iliyopita.

"Hapa umeandika, ikitokea dharura apigiwe dada yako, Kagoshima."

"Ndiyo."

"Kagoshima ni safari ya ndege. Ukianguka hapa saa nne, saa tano nani yuko na wewe hospitali?" Aliweka rula, akalikata jina la dada kwa mstari mmoja ulionyooka, akalipiga muhuri wa masahihisho. "Jina la Bwana Sakuma nimeshaliandika. Nipe namba yake."

Shunpei aliitaja yote kwa mkupuo. Bi Nagase akaiandika, akairudia kwa sauti, tarakimu moja moja, ili isikosewe, na hata Hirose aliisikia.

"Na yeye akilazwa," alisema, akikunja karatasi, "uje kuniambia mimi. Fomu za ruhusa ninazo mimi."

Mwezi wa tatu zile fomu zilikuwa kwenye droo ileile, hatua tisa kutoka kiti cha Shunpei. Shunpei aliinama, akabaki ameinama muda mrefu kupita adabu, kwa sababu hakutaka ofisi imwone machozi, na Bi Nagase, anayejua kazi yake, alisimama mbele yake akamkinga mpaka yakakauka.